Komwe 40 ardhini miezi mitatu, hakuna hata moja iliyoota. Nakosea wapi?

Mchanga Mweupe

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoujua mkomwe kwa undani, ule mmea wa miiba unaotoa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za kuchezea bao.

Kiwanja kiko pwani ya Tanzania, mchanga mtupu, upepo wa chumvi mwaka mzima. Upande mmoja wa mita 30 uko wazi, na mbuzi na ng'ombe wanapita wanavyotaka. Nimeamua upande huo uwe na uzio hai wa mikomwe, kwa sababu miiba yake haichezewi, na mmea wenyewe unajiotea vichakani juu kidogo ya ufukwe bila kumwagiliwa na mtu.

Nilikusanya komwe zaidi ya 70, nyingine kutoka kwenye maganda yaliyokauka na nyingine zilizoletwa na maji. Niliziweka kwenye ndoo ya maji. Zilizoelea niliona ni mapooza nikazitenga, zilizozama zilikuwa 40, nikazipanda kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche). Nimemwagilia kila siku kwa miezi mitatu. Hakuna kitu. Nimefukua mbili, ziko vilevile kama nilivyozipanda, hazijaoza wala kuvimba.

Maswali:
1. Zinaoteshwaje?
2. Kwa mita 30 nipande miche mingapi, na kwa nafasi gani?
3. Kuna minazi miwili karibu na mpaka. Mkomwe utaiua?
4. Nikipata mavuno, nataka pia seti ya kete za bao. Je, komwe yoyote inafaa?

Kitalu cha Nyuma

Mkuu, zifukue zote 40. Komwe iliyokaa ardhini miezi mitatu ikabaki ngumu na inang'aa haijafa. Haijaanza tu, kwa sababu haijapata maji.

Tatizo liko kwenye gamba. Gamba la komwe halipitishi maji kabisa hadi lijeruhiwe. Hilo ndilo linaloiwezesha mbegu hii kuelea baharini kwa muda mrefu mno na kufika mbali. Komwe zimeokotwa hadi kwenye fukwe za Scotland na Norway, ambako mmea wenyewe hauwezi kuishi. Gamba lililozuia bahari isiingie halitapitisha maji ya ndoo yako kwa miezi mitatu. Porini linachakaa polepole kwa kusuguliwa na mchanga, kuchomwa na jua na kulowa na kukauka, ndiyo maana mbegu za mwaka mmoja huota kwa miaka tofauti. Wewe unataka ziote pamoja, kwa hiyo kazi ya mchanga uifanye mwenyewe.

Jambo la pili: zile ulizotenga kwa sababu zinaelea, zirudishe. Kipimo cha kuelea kinafaa kwa mbegu nyingi, lakini kwa komwe kinadanganya. Ndani ya gamba mna uwazi wenye hewa, na komwe nzima kabisa huelea. Kuzama au kuelea hakukuambii chochote kuhusu uzima wake. Angalia mambo mengine: ina tundu? Ina ufa unaoonekana? Imepauka ikawa kama chokaa kwa kukaa juani? Hizo acha. Iliyobaki ya kijivu, laini, inang'aa, ni mbegu.

Sasa kazi yenyewe. Unahitaji tupa ndogo ya chuma (ya pembe tatu au bapa) na koleo ya kushikia. Tafuta kitovu, yaani kale kadoa pale mbegu iliposhikana na ganda lake. Kizizi cha mche kiko karibu na hapo, kwa hiyo usiguse upande huo. Geuza, piga tupa upande wa pili. Utapita ngozi ya kijivu, kisha tabaka la kahawia lililo gumu kweli, halafu utaona kiini cheupe kinachoelekea manjano. Ukikiona tu, hata kwa ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, simama. Kosa la wengi ni kuendelea hadi kuchimba kiini. Mbegu hiyo itavimba vizuri, kisha itaozea kwenye udongo kwa sababu kidonda ni kikubwa.

Loweka kwenye maji ya kawaida saa 24. Inayopokea maji inavimba waziwazi, gamba linalainika na ngozi ya kijivu inaanza kupasuka. Ambayo haijabadilika ukubwa kesho yake haijapasuliwa vya kutosha: irudishe kwenye tupa, iloweke tena. Badilisha maji kila nusu siku, na mbegu isikae majini zaidi ya saa 48, maana baada ya kuvimba inahitaji hewa kuliko maji.

Kiriba kiwe na kina cha sentimita 20 hivi, chenye matundu chini. Mchanganyiko: mchanga sehemu 3, mboji iliyoiva sehemu 1. Udongo wa mfinyanzi usiutie kabisa. Panda kina cha sentimita 2 hadi 3. Mwagilia siku ya kupanda, kisha mwagilia pale juu panapokauka tu. Kumwagilia kila siku hakukukudhuru kwa sababu mbegu zako zilikuwa zimefungwa. Ukifanya hivyo kwa mbegu iliyofunguliwa, utazika nusu yake. Mche hutoka ndani ya wiki 1 hadi 3.

Shamba Jirani

Kwa mbegu 40 tupa inatosha, sawa. Ila mwenye mbegu mia nne atafanyaje? Maji yanayochemka ndiyo njia ya haraka: mimina, acha yapoe usiku kucha, panda asubuhi. Lusina inaota hivyo bila shida.

Kitalu cha Nyuma

Ndugu, lusina ina gamba jembamba, na maji ya moto yanaweza kulifungua. Komwe ina gamba nene mara nyingi zaidi. Ukizimwagia maji yanayochemka kwa muda mfupi, nyingi hazijui kama kuna kilichotokea. Ukizichemsha hadi gamba lifunguke, umepika kiini. Katikati ya hapo matokeo hayalingani kati ya mbegu na mbegu, na hutajua ipi ni ipi hadi wiki kadhaa zipite. Maabara hutumia asidi ya salfuriki kali, nayo inafanya kazi, lakini si kitu cha kushika nyumbani: inachoma ngozi na macho, na inarusha matone ikikutana na maji.

Mwenye mbegu mia nne afunge kipande cha jiwe la kunolea kwenye meza na akae nazo. Nusu dakika hadi dakika moja kwa mbegu. Anayetaka kutumia grenda aende kwa mguso mfupi mfupi na kuichovya mbegu kwenye maji kila mara. Komwe inashika joto vibaya sana ikisuguliwa; watoto wa pwani wanalijua hilo, wanaisugua sakafuni kisha wanamgusisha mwenzao anaruka. Joto hilohilo likikaa sekunde kadhaa kwenye grenda linaua kiini, na kwa nje huoni dalili yoyote.

Panga Butu

Nijibu la 2 na la 3, maana ndipo watu wanapoharibu. Kuotesha mkomwe ni kazi ya wiki chache. Kuishi nao ni kazi ya kila mwaka, na mtu aamue kabla hajapanda.

Mkomwe hausimami wenyewe. Hauna mikono ya kujisokota kama ya mpesheni wala haujizungushi kwenye mti. Unapanda kwa ndoano: miiba iliyopinda kurudi nyuma, kwenye matawi na chini ya uti wa kila jani. Jani moja linaweza kufika nusu mita au zaidi, nalo lote ni mtego. Tawi linasukuma ncha yake mbele katikati ya matawi ya mti mwingine, miiba inateleza. Upepo ukilirudisha nyuma, miiba inashika. Hivyo linapanda hatua kwa hatua hadi mita 10 na zaidi. Lisipopata pa kushika linajilundika lenyewe, na baada ya miaka michache huna uzio, una kilima cha miiba chenye upana wa mita 4 kilichokufa katikati.

Kwa hiyo uupe pa kushika tangu mwanzo. Kwa mita 30: nguzo 11, moja kila mita 3, urefu wa mita 1.5 juu ya ardhi, nyaya 3 (sentimita 40, 80 na 130 kutoka chini). Nguzo za pembeni uziwekee mihimili ya mshazari, kwa sababu uzito wa mikomwe iliyolowa mvua unazivuta ndani. Waya wa kawaida kwenye upepo wa chumvi hauchukui muda kuliwa na kutu, tafuta uliopakwa zinki nene.

Miche: mstari mmoja, mita 1 kati ya mche na mche, yaani miche 31. Wanaopanda kila nusu mita wakidhani uzio utafunga haraka wanapata vishina vingi vyembamba vinavyogombea jua, chini panabaki wazi na mbuzi anapita chini kwa chini. Ukubali mwaka wa kwanza kuwa na mapengo.

Shimo sentimita 30 kila upande. Kwenye mchanga mtupu weka chini debe nusu la mboji au samadi iliyooza kabisa uliyoichanganya na mchanga uleule. Si kwa ajili ya chakula peke yake; maji ya mvua hupita kwenye mchanga kama kwenye chujio, na mboji ndiyo itakayoyazuia yasimkimbie mche mchanga. Panda masika yanapoanza, Machi au Aprili. Hii maana yake mbegu zifunguliwe Desemba au Januari, mche uwe na sentimita 25 hadi 30 wakati wa kuhamishwa. Ukikosa masika, mvua za vuli zinafaa lakini ujiandae kumwagilia kuanzia Januari.

Ukifika nusu mita, kata ncha. Watu wanaogopa kukata mmea walioutafuta kwa shida, lakini usipokata utapanda juu kama kamba na chini hakuna kitu. Ukikatwa unatoa matawi pembeni, yalaze kwenye waya wa chini, yafunge kwa kamba. Yakijaa, ndipo uruhusu waya wa pili. Uzio unajengwa kutoka chini.

Kupogoa ni mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika, na tena mvua zikiisha. Kata kila kinachotoka zaidi ya nusu mita kila upande, na utoe matawi yaliyokufa ndani. Hayo makavu ndiyo mabaya, miiba yake haipotei na moto ukija yanawaka kwa kasi. Vaa glavu za ngozi zinazofika karibu na kiwiko, miwani, na nguo nzito. Za kitambaa ni bure. Ukinaswa, usijivute kuelekea nchani mwa tawi, ndivyo ndoano zinavyozama. Rudisha mkono kuelekea shinani, zitaachia zenyewe. Na tawi ulilokata usiliburute kwa kushika shina lake, litanasa kila kitu njiani. Likate vipande vya nusu mita papo hapo, uvitie kwenye kiroba kigumu.

Minazi: mkomwe hauinyonyi, si mmea wa kupe. Unaua kwa kivuli na uzito, na hasa unaua minazi michanga, kwa sababu ukifunika moyo wa mnazi, makuti mapya hayatoki. Mnazi mrefu wenye shina tupu la mita 8 si rahisi kuupanda kama hauna kitu kingine cha kukanyagia. Hatari kwako ni mkwezi: shina likizungukwa na miiba hakuna atakayekubali kuangua nazi. Acha mita 5 kutoka kwenye kila mnazi, na sehemu hiyo iweke uzio wa aina nyingine.

Jambo la mwisho, na hili ni zito. Usiupande kando ya njia wanayopita watu kwenda ufukweni, wala kwenye mchanga wenyewe chini ya mstari wa maji ya bamvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda eneo la mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli za kudumu. Kabla ya kusimika nguzo hata moja ndani ya eneo hilo, pita ofisi ya mazingira ya halmashauri. Ukitaka kushikilia mchanga upande wa bahari, kuna yule mtambazi wa maua ya zambarau mwenye jani lililopasuka nchani kama ukwato wa mbuzi. Analala chini, hana miiba, na kazi hiyo anaifanya vizuri kuliko mkomwe.

Mchanga Mweupe

Asanteni sana. Nimefukua zote, nimejaribu 10 kwa tupa. Baada ya saa 24, saba zimevimba hadi kuwa karibu mara mbili, mbili hazijabadilika, moja maji yake yamekuwa na povu na inanuka.

Swali jingine. Kuna mkomwe mkubwa sana kwa jirani, una miaka mingi, unatoa maua ya manjano mengi kila msimu lakini hauzai hata ganda moja. Mwingine, kama mita 200 kutoka hapo, unazaa sana. Udongo ni uleule. Je, nikichukua mbegu kwenye huo unaozaa, ndiyo uhakika kwamba na yangu itazaa?

Kitalu cha Nyuma

Mbili ambazo hazijabadilika, tupa tena. Yenye povu itupe, ilikuwa imekufa kabla hujaigusa, pengine ilishaingia maji kupitia ufa mdogo. Saba kati ya 10 kwa mara ya kwanza ni kazi nzuri. Zipande leo, zisisubiri hizo mbili.

Jani na Tumba

Huo wa jirani yaelekea ni dume. Kwenye mkomwe maua ya kiume na ya kike hukaa kwenye mimea tofauti, ingawa kwa kuyatazama juu juu yanafanana, kwa sababu hata ua la kike lina stameni, yaani vile viungo vya kiume vya ua. Tofauti ni kwamba stameni za ua la kike hazitoi chavua. Chukua kishada asubuhi, maua yakiwa yamefunguka, gusa vichwa vya stameni kwa kidole au karatasi nyeusi. Ukipata unga wa manjano, ni dume. Kisha pasua ua katikati kwa wembe: la kike lina kiovari (kifuko cha mbegu) kinene kilichojaa vinywele katikati, la kiume lina kijiti kidogo tu kisichoendelea.

Kwa hiyo usiung'oe huo wa jirani, wala usimshauri aung'oe. Unaozaa pale mita 200 unahitaji chavua, na nyuki wanaweza kuwa wanaitoa hapo.

Kuhusu uhakika: mbegu haikuambii jinsia, hata ikitoka kwenye mmea unaozaa sana. Ukiwa na miche 31 utapata za aina zote mbili, na kwa uzio haijalishi. Anayepanda mche mmoja au miwili kwa ajili ya komwe ndiye anayepaswa kufikiri. Apande angalau mitano, na asitegemee mavuno mwaka wa kwanza.

Ukienda kuchukua mbegu zaidi, hakikisha mmea ni wenyewe. Mkomwe wa komwe za kijivu, ambao wataalamu wa mimea sasa wanauita *Guilandina bonduc*, kwenye vitabu vingi bado uko kwa jina la *Caesalpinia bonduc*. Ukisoma majina hayo mawili, ni mmea mmoja. Linnaeus aliuweka kwenye Guilandina mwaka 1753, baadaye ukahamishiwa Caesalpinia, na uchunguzi wa vinasaba umeurudisha ulikoanzia. Hilo "bonduc" linatokana na neno la Kiarabu la njugu ya hazeli, ambalo pia lilitumika kwa risasi za mviringo, na ndilo mzizi wa neno letu bunduki. Anayeishika komwe mkononi anaelewa mara moja.

Una ndugu yake anayefanana naye sana, ambaye komwe zake zina rangi ya manjano inayoelekea kahawia. Usisubiri mbegu ili kuwatofautisha. Tazama pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi: mkomwe wa kijivu una vijani viwili vya pembeni, vikubwa, vilivyogawanyika, vinavyoonekana kama jani dogo jingine. Yule wa manjano hana, au anavyo vidogo mno vinavyodondoka mapema. Angalia kwenye tawi changa, maana kwenye tawi zee hata wa kijivu huwa vimeshaanguka, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

Ganda la tunda lina urefu wa sentimita 5 hadi 9, bapa lakini limevimba, limejaa miiba iliyonyooka. Ndani mara nyingi mna komwe 1 au 2, mara chache zaidi. Komwe yenyewe ni milimita 15 hadi 20, na ukiitazama kwa karibu ina mistari myembamba iliyozunguka, kama ile ya yai lililoanza kupata nyufa za juu juu. Mistari hiyo ni ya kawaida, si ugonjwa, na wala maji hayapiti hapo.

Nyumba na Namu

La kete mmeliacha nyuma, nalo ndilo nililolijia hapa.

Si komwe yoyote. Bao ni mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Unapoanza bao la Kiswahili kila mmoja anaweka 6 kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, na 2 kwenye kila shimo kati ya mawili yanayofuata kuelekea kulia, 22 zinabaki mkononi kwa ajili ya namu, hatua ya kwanza ya kuingiza kete moja moja. Mchezaji anasoma shimo kwa jicho na kuchota kwa mkupuo bila kuhesabu kwa kidole, kwa hiyo kete zikitofautiana ukubwa, jicho linadanganyika: tano kubwa zinaonekana kama saba ndogo. Seti nzuri ni ile ambayo zote 64 zinakaribiana.

Ndiyo maana usihesabu 64. Kusanya 120, uchague. Kata kadi gumu tundu la milimita 17 na jingine la milimita 19. Zinazopita kubwa na kugoma kwenye dogo ndizo zako. Zilizobaki rudisha kwenye kitalu. Kwa kuwa ganda moja hutoa moja au mbili, unazungumzia maganda 60 hadi 120, na mmea mmoja mkubwa wa kike unaoendelea vizuri unaweza kukupa hayo.

Wakati wa kuchuma: subiri ganda liwe la kahawia na lijifungue lenyewe. Anayechuma ganda bado la kijani anapata komwe nyeupe au kijani hafifu, gamba laini, ambayo ikikauka inakunjamana na haipati mng'aro tena. Iliyokomaa, ukiitikisa karibu na sikio, mara nyingi utasikia kiini kinagonga ndani. Itoe kwa koleo, usiingize vidole kwenye ganda.

Osha kwa maji na sabuni kidogo, futa, anika kivulini. Jua kali la siku nyingi linaipausha. Hakuna haja ya rangi ya mbao, wala vanishi, vanishi inafanya kete ziteleze na baada ya muda inabanduka na kuacha mabaka. Mikono ya wachezaji inaing'arisha yenyewe. Na tafadhali, kete zilizopigwa tupa zisichanganywe na seti: zikilowa jasho au mvua zitavimba, na kete moja iliyovimba inajulikana kwenye kila shimo inakopita.

Za ufukweni zinafaa mradi hazijapauka. Baadhi ni nzuri kuliko za kwenye ganda, kwa sababu bahari imeshazichagulia zilizo ngumu.

Shamba Jirani

Na dawa je? Wazee wanasema kiini cha komwe kinatibu homa. Nikiwa na mikomwe 31 nitakuwa na duka zima.

Jani na Tumba

Ni kweli kiini ni kichungu sana na kimetumika kwa homa katika nchi nyingi za pwani, India ikiwemo. Lakini kichungu si kipimo. Hakuna anayeweza kukuambia komwe moja ya mmea wako ina nguvu kiasi gani, na mjamzito na mtoto wasipewe kabisa. Homa ya pwani inaweza kuwa malaria, na malaria inapimwa na kutibiwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Kunywa unga wa komwe siku tatu kwanza ni kupoteza siku tatu ambazo mgonjwa anazihitaji.

Mikomwe 31 ni uzio. Itumie hivyo.

Panga Butu

Mchanga Mweupe, nyongeza moja kabla hujapanda. Miche michanga miiba yake bado laini, na mbuzi ataila. Zungushia kila mche matawi makavu ya mgunga kwa msimu wa kwanza, urefu wa goti unatosha. Ukisikia mtu anasema mkomwe haumei kwenye kiwanja chake, mara nyingi ulimea, mbuzi wakauwahi.

Mchanga Mweupe

Nimeelewa. Mbegu zilizobaki nazifungua wiki hii, za kuelea nimezirudisha, sasa nina 68 nzima. Nilipanga miche 31 ya uzio, na 10 ya akiba ya kuziba mapengo. Upande wa minazi nimehesabu, mita 5 kila upande zinakula karibu mita 11 za mpaka, kwa hiyo huko nitaweka nguzo na waya peke yake na mikomwe itabaki 19 au 20. Nguzo nitauliza halmashauri kwanza, sehemu ya mbele iko ndani ya mita 60.

Kitalu cha Nyuma, zile mbili nimezirudia kwenye tupa jana. Asubuhi hii moja imevimba.

Kitalu cha Nyuma

Ya pili ipe tupa upande wa ubavu badala ya palepale, nyingine gamba lake ni nene zaidi juu. Ikigoma mara ya tatu, iache kabla hujachimba kiini.